Walilipwa Kufanya Mazoezi

Hapa chuoni kuna sentensi moja inayomaliza mjadala wowote, uwe wa muziki, wa mdahalo au wa ufundishaji: "Yule kazaliwa nacho." Mtu akipanda jukwaani usiku wa utamaduni, akaimba mpaka watu wakasimama, kazaliwa nacho. Mwenzetu akirudi kutoka TP na A, kazaliwa mwalimu. Na aliyevurunda? Hakujaliwa. Kesi imefungwa, twendeni tukale chipsi mayai.

Nilikuwa muumini wa sentensi hiyo mpaka mwaka jana. Kilichonitoa kwenye imani hiyo si desa la saikolojia ya elimu, ingawa nimelipigia msuli kama wengine. Ni rundo la albamu za zamani za jazz kutoka kampuni moja ya kurekodi ya New York, Blue Note, nilizozikuta kwenye fleshi ya ndugu ninayekaa naye chumba kimoja. Nimezisikiliza, nikasoma habari za waliozitengeneza, na nina neno moja la kusema. Albamu ambazo dunia inazisifu kwa vipaji vya waliozipiga zilitokana kwa sehemu kubwa na mazoezi, na mazoezi hayo kuna mtu aliyalipia. Sisi tunasifu vipaji, ila mazoezi hatuyalipii, halafu tunashangaa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Huku kwetu jazz ni jina la bendi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Zilikuwa bendi za dansi, magitaa yakilia na watu wakicheza. Ukimtajia baba yangu mdogo neno jazz, anaanza kukuimbia Mbaraka Mwinshehe kabla hujamaliza sentensi. Hakosei. Lakini jazz ninayoizungumzia hapa ni ile ya Wamarekani weusi: tarumbeta, saksafoni, piano, besi na dramu, na mara nyingi hakuna anayeimba.

Kwa ambaye hajawahi kuisikiliza, wimbo mmoja huenda hivi. Kundi linaanza kwa kupiga wimbo wenyewe, ile sauti kuu ambayo ungeweza kuipiga mluzi ukienda kuoga. Kisha mmoja mmoja anaachiwa uwanja, anabuni papo hapo juu ya mpangilio uleule, huku wenzake wakimshikilia kwa chini. Mwishoni wote wanarudi kwenye wimbo na kufunga. Msikilizaji mgeni, kama nilivyokuwa mimi usiku ule na spika ndogo juu ya ndoo iliyogeuzwa, anadhani jamaa wamekutana tu wakaamua kujipigia. Nilimwambia mwenzangu, "Hawa wamezaliwa nacho." Akacheka. Akaniambia nikasome kwanza.

Nikasoma. Mwanzilishi wa Blue Note, Alfred Lion, alikuwa Myahudi wa Berlin. Alianza kuupenda muziki huu akiwa kijana, mwaka 1925, bendi ya Mmarekani mweusi Sam Wooding ilipopita mjini kwao. Desemba 23, 1938, akiwa sasa anaishi New York, alihudhuria tamasha katika ukumbi wa Carnegie Hall na kuwasikia wapiga piano wawili, Albert Ammons na Meade Lux Lewis. Wiki mbili baadaye, Januari 6, 1939, alikuwa amewaingiza studio. Fedha za kuanzia alizipata kwa rafiki yake Max Margulis. Mwaka huohuo rafiki yake wa tangu Berlin, mpiga picha Francis Wolff, naye Myahudi, alifanikiwa kutoka Ujerumani ya Hitler na kumfuata. Kwa karibu miaka 30 Lion na Wolff waliendesha kampuni ndogo ambayo mara nyingi ilikuwa na heshima nyingi kuliko hela.

Lion hakuwa mwanamuziki. Hakuweza kumwambia mpiga saksafoni apige nini. Alichoweza ni kuandaa mazingira ya kazi. Tangu siku za mwanzo aliwarekodi watu usiku wa manane, baada ya kutoka kwenye kazi zao za klabu, na alihakikisha kuna chakula na vinywaji. Kuanzia mwaka 1953 alimtumia fundi sauti Rudy Van Gelder, ambaye mchana alikuwa mtaalamu wa kupima macho na miwani, na kazi ya kurekodi aliifanyia sebuleni kwa wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Ndiyo, sebuleni. Baadhi ya albamu zinazoheshimiwa kuliko zote katika muziki huu zimerekodiwa kwenye sebule ya watu, mpaka mwaka 1959 Van Gelder alipohamia studio yake mpya ya Englewood Cliffs.

Lakini jambo lililoitofautisha Blue Note na kampuni nyingine ndogo za wakati ule ni hili: kabla ya siku ya kurekodi, kulikuwa na siku za mazoezi, na wanamuziki walilipwa kwa siku hizo. Kwingineko ilikuwa kawaida kuwakusanya watu, mkachagua nyimbo ambazo kila mtu anazijua, mkazipiga, mkaondoka na hela zenu. Kuna usemi unaorudiwa sana na watu wa jazz kwamba tofauti kati ya Blue Note na washindani wake wa Prestige, waliotumia sebule ileile na fundi yuleyule na mara nyingi wanamuziki walewale, ilikuwa siku mbili za mazoezi.

Siku mbili zinabadilisha nini? Zinabadilisha kile unachothubutu kupiga. Kama hamna mazoezi, mtapiga mnachokijua tayari. Hakuna anayeleta wimbo mgumu alioutunga juzi, kwa sababu wenzake watauharibu na saa ya studio inahesabiwa. Mkipewa mazoezi, mtunzi anathubutu. Ndiyo maana albamu za Blue Note za miaka ya 1950 na 1960 zimejaa tungo mpya za wapigaji wenyewe, zenye mikato na kona ambazo huwezi kuzipita kwa kubahatisha.

Chukua Blue Train ya John Coltrane, iliyorekodiwa Septemba 15, 1957. Coltrane wakati ule alikuwa na mkataba na Prestige, hii ni albamu moja tu aliyowafanyia Blue Note kama kiongozi. Kati ya nyimbo tano, nne ni zake mwenyewe. Mmoja unaitwa Moment's Notice, jina lenye maana ya kuambiwa jambo ghafla, bila muda wa kujiandaa. Inasimuliwa kwamba limetokana na lalamiko la mpiga tromboni Curtis Fuller, kwamba muziki mgumu namna ile watu wanatarajiwa kuupiga hapohapo. Sikiliza wapulizaji watatu, Coltrane, Fuller na Lee Morgan, wanavyoingia kwenye sauti kuu ya wimbo huo wakiwa kama mtu mmoja, halafu wanavyoachana kila mtu na njia yake. Lee Morgan alikuwa na miaka 19. Huwezi kuingia pamoja hivyo kwa sababu ya kuzaliwa nacho. Unaingia pamoja kwa sababu mlishakosea pamoja mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na kinasa sauti.

Au chukua Moanin' ya Art Blakey na Jazz Messengers, ya Oktoba 30, 1958. Wimbo uliobeba jina la albamu ni wa mpiga piano Bobby Timmons. Ukiusikia utadhani uko kanisani: piano inauliza, wengine wanaitikia. Mpiga saksafoni Benny Golson alisimulia kwamba mwanzoni haukuwa wimbo, ulikuwa kipande kifupi tu alichokuwa akikichezea Timmons kati ya wimbo na wimbo jukwaani. Golson akamsukuma akae wakati wa mazoezi atunge sehemu ya katikati, wimbo ukamilike. Fikiria kama pasingekuwa na mazoezi. Kile kipande kingebaki kuwa mchezo wa vidole, na sisi tusingekijua.

Ukitaka ushahidi wa macho, tazama majalada. Picha za Wolff nyingi alizipiga watu wakiwa kazini, studio na kwenye mazoezi. Hawakumpangia sura. Unamwona mtu ameinamia karatasi ya muziki, jasho linamtoka, sigara inaungua pembeni amesahau kuivuta. Mbunifu Reid Miles, ambaye kwa kweli hakuwa hata mpenzi mkubwa wa jazz, alizichukua picha hizo akazikata na kuzipanga na herufi kubwa, yakatoka majalada yanayoigwa mpaka leo. Hata kwenye jalada, bidhaa waliyoiuza ni watu wanaofanya kazi.

Sasa najua yupo msomaji mjuaji ambaye ameshaanza kunipinga. Atasema: mbona kundi la Miles Davis, mwaka 1956, liliingia kwenye sebule hiyohiyo ya Hackensack kwa ajili ya Prestige, Mei siku moja na Oktoba siku moja, na siku hizo mbili zikatoa albamu nne ambazo wapenzi wa jazz wanazitukuza mpaka leo? Mazoezi ya kulipiwa yako wapi hapo?

Swali zuri, na nililihangaikia. Jibu ni kwamba kundi lile lilikuwa likifanya kazi pamoja klabuni tangu mwaka 1955. Usiku baada ya usiku walipiga nyimbo zilezile mbele ya watu, na wenye klabu waliwalipa. Walipofika sebuleni walikuwa wameshamaliza mazoezi. Kwa hiyo hoja haivunjiki, inakuwa pana zaidi. Kila penye ufundi tunaouita kipaji, kuna saa nyingi zilizotangulia, na ama kuna mtu alizilipia au mhusika alikuwa na uwezo wa kujilipia.

Na hapo ndipo ninapotaka tuongee kuhusu sisi.

Yule ninayekaa naye chumbani, mwenye fleshi, anapiga kinanda. Kanisani kwao anategemewa. Mwaka jana aliombwa apige kwenye usiku wa utamaduni hapa chuoni, yeye na wenzake wanne. Bajeti ya shughuli ile ilikuwa na fulana, kukodi vyombo vya muziki, mshereheshaji, soda na mapambo. Wapigaji walipewa chupa ya maji kila mmoja na ahadi ya cheti. Mazoezi walifanya mara mbili, kwenye korido, na mara ya pili wakafukuzwa kwa kelele. Yeye hakuhudhuria hata moja, kwa sababu bumu lilikuwa limechelewa, na jioni anafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi. Asipokwenda, hali. Siku ya shughuli wakapanda. Wimbo wa pili ukawapotea katikati, kila mtu na lwake. Watu wakazomea. Nilikuwa nimesimama nyuma, nikamsikia dada mmoja akisema kwa huruma kabisa, "Masikini, hawajajaliwa."

Kundi lililofuata lilikuwa zuri. Tukasema hao ndio wenye vipaji. Hakuna aliyeuliza kwamba watatu kati yao wanakaa nyumba ya kupanga nje ya chuo, wana vyombo vyao, wala hawana kibarua cha jioni. Siwaonei wivu, walifanya kazi na walistahili makofi. Ninachosema ni kwamba sote tulichokiona jukwaani ni tofauti ya saa za mazoezi, tukaipa jina la tofauti ya kuzaliwa. Neno kipaji limetusaidia kutotazama nani alikuwa na muda na nani hakuwa nao.

Mimi mwenyewe yamenikuta, ila jukwaa langu lilikuwa darasa la kidato cha pili. TP yangu ya kwanza. Andalio la somo lilikuwa safi, azimio la kazi limesainiwa, zana nimechora usiku kucha kwenye karatasi la manila. Somo: mvua na milima. Dakika ya ishirini binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, kama upepo wenye unyevu unapanda mlima na kumwaga mvua upande mmoja, mbona upande wa pili wa Kilimanjaro nao una watu na mashamba, wanapata wapi maji? Swali halali kabisa. Nilikuwa najua majibu, ninaweza kuyaandika kwenye UE nikapata alama zote. Lakini nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Nikasema "tutaliangalia kipindi kijacho", na darasa zima likajua kwamba mwalimu kapotea.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesimama kufundisha kwa dakika kumi tu, zile za kufundishana wenyewe kwa wenyewe, wenzako wanajifanya kidato cha pili na kila mtu anatazama saa kwa sababu tuko wengi. Dakika kumi, mara moja, mbele ya watu ambao hawatakuuliza swali gumu kwa sababu na wao zamu yao inakuja. Hayo si mazoezi. Hiyo ni mahudhurio.

Swali la yule binti ndilo hasa lile ambalo wanajazz wanalikuta kila usiku. Mpiga dramu anageuza mkato ambao hukuutegemea, sasa utafanya nini? Tony Williams alikuwa na miaka 18 Februari 1964 alipopiga dramu kwenye Out to Lunch! ya Eric Dolphy, albamu ambayo jalada lake lina kibao cha mlangoni chenye saa ya mishale mingi inayoelekea kila upande, kwa hiyo huwezi kujua mwenye duka anarudi lini. Muziki wenyewe uko hivyohivyo. Mapigo yanakatika mahali usipotarajia, na bado hakuna anayepotea. Niliposikiliza mara ya nne nilielewa kitu ambacho hakuna mhadhara ulinielewesha: anayeweza kwenda nje ya andalio ni yule ambaye andalio limeshamkaa mwilini. Kubuni papo hapo kunaanza na kurudia. Dolphy alifariki Berlin mwezi Juni mwaka uleule, akiwa na miaka 36, kabla albamu haijatoka.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani Blue Note walikuwa malaika. Hoja yangu haihitaji malaika. Mpiga saksafoni Tina Brooks aliongoza vipindi vinne vya kurekodi kati ya mwaka 1958 na 1961, vya kutosha albamu nne. Iliyotoka akiwa hai ni moja tu, True Blue. Nyingine zilikaa kabatini, naye akafariki mwaka 1974. Kulipwa siku za mazoezi si sawa na kusikika.

Na kulikuwa na suala la nani anamiliki wimbo. Herbie Hancock alirekodi albamu yake ya kwanza, Takin' Off, Mei 28, 1962. Alikuwa na miaka 22, umri wangu huu ninaoandika nao. Mpiga tarumbeta Donald Byrd, aliyekuwa amempokea New York na kukaa naye, alikuwa amemtahadharisha mapema kwamba asikubali kuwaachia kampuni haki za tungo zake. Hancock amesimulia kwamba Blue Note walizitaka, na yeye alikuwa tayari kutoka mlangoni kabla hawajalegeza. Katika albamu hiyo mlikuwamo Watermelon Man. Mongo Santamaría naye aliurekodi, na mwaka uliofuata ukawa wimbo mkubwa, na haki zilikuwa mikononi mwa kijana aliyeutunga. Ona kwamba kilichomwokoa si kipaji. Ni kaka mkubwa aliyemfundisha kabla ya mtihani. Byrd baadaye akawa mwalimu wa kweli katika Chuo Kikuu cha Howard, na kutokana na wanafunzi wake akaunda bendi ya The Blackbyrds.

Mtu ataniuliza: hayo ya Wamarekani wa zamani yanatuhusu nini? Wao wenyewe walidhani yanatuhusu. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Februari 15, 1964, miezi miwili tu baadaye, Lee Morgan alirekodi Search for the New Land, na humo kuna wimbo unaoitwa Mr. Kenyatta. Mpiga piano McCoy Tyner alirekodi kwa Blue Note mwaka 1970 albamu iliyopewa jina Asante. Na huyohuyo Hancock, baada ya kuondoka Blue Note, alijiita Mwandishi na kuiita hivyo albamu yake ya mwaka 1971. Wenzake kwenye kundi nao wakachukua majina ya Kiswahili: Mchezaji, Jabali, Mganga. Watu hawa walikitazama Kiswahili wakaona kina kitu wanachokihitaji. Sisi wenye lugha tunaweza kuwatazama wao kidogo bila kuona aibu, na tukachukua tunachokihitaji.

Mimi ninachokihitaji ni kile kipengele cha bajeti.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kamati ya utamaduni, nina ombi, na ninaliandika kwenye gazeti letu wenyewe ili lisipotee kwenye kundi la WhatsApp. Shughuli ijayo, kabla ya fulana, wekeni mstari mmoja unaosema: mazoezi. Chumba chenye mlango unaofungwa, kwa jioni mbili. Nauli na chakula cha jioni kwa kila anayepanda jukwaani, ili mwenye kibarua aweze kukiacha siku hizo mbili bila kulala njaa. Kama hela ni ndogo, punguzeni mapambo. Hakuna aliyewahi kwenda nyumbani akisimulia puto.

Na walimu wetu wa ndaki ya elimu, kwa heshima zote, shikamooni. Dakika kumi hazitoshi. Kama madarasa ni makubwa, tugaweni katika vikundi vidogo, tufundishane sisi kwa sisi kila wiki, na mmoja apewe kazi ya kuuliza maswali ya yule binti. Hatuhitaji jengo jipya. Van Gelder alikuwa na sebule.

Kwetu sisi watazamaji ombi ni dogo zaidi. Mtu akivurunda, kabla ya kusema hakujaliwa, uliza alifanya mazoezi saa ngapi na jioni huwa yuko wapi.

Kwa anayetaka kusikiliza, usianze na Out to Lunch!, utanichukia. Anza na Moanin', wimbo wa kwanza, ule wa kuulizana na kuitikiana. Kisha Blue Train nzima, bila kuruka. Kisha The Sidewinder ya Lee Morgan, aliyoirekodi Desemba 1963. Wimbo wake wa kwanza una zaidi ya dakika kumi na bado utakutikisa kichwa mpaka mwisho. Fleshi ipo chumbani kwetu. Mwenye nayo anarudi kutoka kwenye fotokopi saa tatu usiku, na kuanzia mwezi huu amepata ruhusa ya kutumia kinanda cha kanisa Jumatano mchana, kwa hiyo Jumatano usimtafute.